Aliyemlea Kabla Yetu

Watu wakiniuliza tulimpataje mwanetu, najikuta naanza na siku ambayo mimi wala sikuwepo Kongo. Tarehe 25 Septemba 2013, idara ya uhamiaji ya nchi ile, DGM kama kila mtu anavyoiita, ilisimamisha vibali vya kutoka kwa watoto walioasiliwa na watu wa nje. Hukumu yetu ilikuwa imeshatoka. Mahakama ya Lubumbashi ilikuwa imeandika kwamba mtoto yule, ambaye hata kutambaa alikuwa bado, ni wetu mimi na mume wangu, na mihuri ikagongwa. Tulikuwa tumeshambeba, tumeshamnusa, tumeshampiga picha, tukarudi Louisville, katika jimbo la Kentucky tunakoishi, kungojea karatasi zilizobaki.

Kinshasa walisema wanachunguza. Kulikuwa na habari za hati za kughushi, na za watoto waliofika kwa wazazi wapya kisha wakakabidhiwa watu wengine ambao hakuna hakimu wa Kongo aliyewahi kuwaona. Ni sababu za maana, na leo naziheshimu kuliko nilivyoziheshimu wakati ule. Wakati ule mimi na mamia ya wazazi wengine wa Marekani, Canada na Ulaya tulikuwa tunaandika barua, tunawapigia simu wabunge, tunatumiana habari usiku wa manane. Mwishoni mwa 2015 kundi dogo la watoto likaruhusiwa. Mwanzoni mwa 2016 na jina la mwanetu likaonekana kwenye orodha.

Alikuwa anakaribia miaka mitatu. Kwa muda mrefu nilizoea kusema kwamba miaka ile tuliibiwa, na nilisema kwa uchungu wa kweli, na watu wakanionea huruma. Sikumbuki ni lini nilianza kusita. Ilikuwa polepole, neno likinifika mdomoni na kurudi. Maana miaka ile haikwenda na mwizi. Huko Katuba, mtaa wa Lubumbashi wenye vumbi jekundu na kuta za matofali ya kuchoma, kulikuwa na mwanamke mmoja aliyeamka nayo kila asubuhi, akaichemshia uji, akaivalisha, akaipeleka zahanati ilipopata homa.

Alikuwa mjane wa mfanyakazi wa mgodini, mtu mzima aliyekwisha kuwa na wajukuu. Wakala wetu walimpa mtoto amtunze kwa malipo ya kila mwezi, na malipo yale sisi ndio tuliyatuma. Katika akili yangu, nasema ukweli, alikuwa sehemu ya gharama. Kulikuwa na ada ya wakili, kulikuwa na tafsiri za hati kutoka Kifaransa, kulikuwa na mlezi. Tulipofika kumchukua mtoto, mtaa mzima ulikuwa unamwita mama yule kwa jina la mtoto. Mama Fulani, njoo. Mama Fulani, wageni wako wamefika. Wanawe wa kuzaa walikuwa wakubwa, wameoa na kuolewa, jina la mkubwa wao lilikwisha kuchakaa, basi majirani wakampa hili jipya, na yeye akaitika. Mimi niliyekuwa na hukumu ya mahakama ndani ya mkoba hakuna aliyeniita hivyo. Walinisalimia vizuri sana, wakaniletea kiti, na kila mmoja alipotaka kunitaja alisimama kidogo, akatafuta, akasema "huyu mama wa Tanzania".

Dereva aliyetuleta kutoka uwanja wa ndege wa Luano alikuwa amechangamka njia nzima kwa ajili ya Utanzania wetu. Siku zile mchezaji mpira wetu Mbwana Samatta alikuwa ameiaga TP Mazembe, klabu ya pale Lubumbashi, kwenda Genk, Ubelgiji, miezi michache tu baada ya kombe la klabu bingwa Afrika la 2015, na mji ulikuwa bado unamlilia. Dereva alizungumza habari zake kama za ndugu aliyeondoka nyumbani kwao. Na mtoto tulimkuta amevalishwa jezi ya Mazembe, nyeusi na nyeupe, kubwa kwake, mikono imekunjwa mara tatu. Alikuwa ameogeshwa, amepakwa mafuta hadi kisogoni. Alisimama mlangoni akatutazama, akarudi ndani, akatoka na mama yule kwa kumvuta khanga, akanyoosha kidole kwangu. "Mama ya picha," akasema.

Picha hiyo niliiona baadaye, imebandikwa ukutani karibu na kitanda, ile tuliyopigwa naye siku ya kwanza. Upande wa chini ilikuwa imelainika na kufifia, usawa wa kimo cha mtoto. Kila usiku kabla ya kulala mama yule alimpeleka mtoto pale atuage. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Alikuwa anamwandaa mtoto wake aondoke, jioni baada ya jioni, kwa miaka ambayo hata yeye hakujua itakwisha lini, na mimi huku Louisville nilikuwa naamini kwamba anayengoja ni mimi peke yangu.

Alitupa maelezo mengi. Mume wangu aliyaandika nyuma ya bahasha ya cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa ndiyo karatasi iliyokuwa karibu, na bahasha hiyo tunayo. Bukari, yaani ugali, iwe laini. Sombe, yaani kisamvu, anaipenda ikiwa na karanga. Sauti ya jenereta inamtisha, mwambieni ni mashine tu. Hawezi kulala bila kushika sikio la mtu. Si lake, la mtu. Maelezo ya mwisho yalisemwa haraka, maana ndege ya Kinshasa ilikuwa mchana, na kutoka Lubumbashi kwenda Kinshasa hakuna barabara ya kumpitisha mtu mwenye haraka. Akamtia mtoto ndani ya gari kwa mikono yake. Akamwambia kitu sikioni. Kisha akageuka, akaingia ndani ya nyumba, akafunga mlango kabla gari halijawashwa.

Katika ndege mtoto alikuwa kimya. Kinshasa alikuwa kimya. Siku zote tulizokaa kule kungojea ubalozi na muhuri wa mwisho wa uhamiaji, alikula alichopewa, akavua na kuvaa alivyoambiwa, na watu wa nyumba ya wageni wakatusifia: mtoto mtulivu, ana adabu. Nami nilijisifu moyoni. Nilipiga simu nyumbani kwetu Ujiji nikamwambia mama kwamba mtoto amenizoea upesi mno. Sasa nimekwisha kuona watoto wengine katika hali ile, na najua kwamba mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu asiyelia anapotolewa kwa watu wake huenda hana utulivu wowote. Huenda amenyamaza kwa sababu amepotelewa na yule anayemlilia. Hata kung'ang'ania shingo yangu, ambako nilikuhesabu kuwa mapenzi, kulikuwa na sababu nyingine iliyo karibu zaidi: Kinshasa ni mji wa Kilingala. Pale nje hakuelewa neno. Sisi wawili tu, kwa Kiswahili chetu cha Kigoma kilichomshangaza kidogo, ndio tuliomwelewa alipotaka maji.

Usiku alikuwa anauliza, "Mama iko wapi?" Nilijigusa kifua nikamwambia mama yuko hapa. Akasubiri nimalize. Kisha akauliza tena, kwa sauti ile ile, bila kukasirika.

Tulipitia Addis Ababa hadi Washington. Ubalozi ulikuwa umetupa bahasha ya kahawia iliyofungwa, tukaonywa tusiifungue, tumkabidhi ofisa wa uhamiaji mahali pa kuingilia. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2000, mtoto aliyeasiliwa nje kikamilifu na raia, akiingia na viza ya watoto wa namna hiyo, anakuwa raia papo hapo. Na katiba ya Kongo inasema uraia wa Kongo haukai pamoja na mwingine wowote. Ofisa akafungua bahasha, akagonga, akatupongeza. Mtoto alikuwa amelala begani kwa mume wangu, mkono umeshika sikio lake, mate yanamtoka. Mume wangu, ambaye miaka ya nyuma aliapa uraia ule akiwa mtu mzima, akijua anachokiacha na akiwa amekipigia hesabu kwa miezi, alisimama pale akashindwa kuondoka kwenye dirisha. Baadaye aliniambia, "Huyu hata hajaulizwa." Sikumjibu. Kweli, mtoto gani huulizwa? Hata sisi hatukuulizwa tuzaliwe Kigoma. Lakini neno lake lile halijaniacha, na kila nikidhani nimelipatia jibu naona jibu lenyewe limekaa upande mmoja tu.

Kuna jambo la miezi ya kwanza ambalo mpaka leo sijui tulipaswa kulifanyaje. Kabla ya safari tulihudhuria mafunzo ya wazazi wanaoasili, na tulifundishwa kwamba mtoto aliyebadilishiwa walezi anahitaji kujua wazazi wake ni akina nani; kwa hiyo mwanzoni tumlishe sisi tu, tumbebe sisi tu, tumbembeleze sisi tu. Wageni wasubiri. Nilielewa mantiki yake. Lakini Watanzania wenzetu wa Louisville walikuja kama tulivyolelewa kuja, na sufuria za pilau, na mikono imeshanyooshwa mlangoni: leteni mtoto tumwone. Ningewaambiaje kwamba wasimbebe? Dada mmoja ambaye ni mkubwa kwangu alinielewa vibaya, akakaa miezi hajafika. Na mimi mwenyewe nilikuwa na wasiwasi mwingine. Mtoto huyu alikuwa ametoka kwenye uwanja wa Katuba, ambako alibebwa na mlezi wake, na wajukuu wa mlezi wake, na muuza mkaa wa jirani, na kila aliyepita. Tukamwingiza katika nyumba ya watu wawili, mlango umefungwa, nje theluji, tukisema ni kwa ajili ya usalama wa moyo wake. Wataalamu walikuwa na uzoefu ambao mimi sikuwa nao. Mila zetu nazo zimelea watu. Tulifuata mafunzo kwa muda, kisha taratibu tukaregeza, na sina njia ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili lililomsaidia na ni lipi alilolivumilia.

Alipoanza kulia, alilia kweli. Ilikuwa baada ya mvua za masika ya huku kuisha, tulipokuwa tumekwisha kupumua. Kilio kilimjia kama homa ya vipindi, siku tatu nzuri, ya nne hakuna kinachofaa. Viatu vimebana, ugali si wenyewe, mimi si mwenyewe. Alinisukuma kwa mikono miwili, na dakika ile ile akanishika nguo nisiondoke. Nilikaa naye sakafuni jikoni, mgongo kwenye kabati, nikiwa sina la kumwambia. Usiku mmoja wa namna ile mume wangu akampigia simu mama wa Katuba, akaweka sauti nje. Mama yule alisema maneno machache tu, akamtaja mtoto kwa jina, akamuuliza kama amekula. Mtoto alinyamaza, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akalia upya kilio kingine, chini zaidi. Wengine walituonya kwamba tunachokonoa kidonda. Tuliendelea kupiga, kila mwezi, na mara nyingine nilipokuwa nashika simu nilitamani asipokee. Wivu ule naukumbuka vizuri. Nilikuwa na mtoto, nilikuwa na hati, nilikuwa na jina langu kwenye kadi yake ya kliniki, na bado nilimwonea wivu mwanamke ambaye hakubakiwa na kitu.

Na hakubakiwa na kitu kwa maana nyingine pia. Mtoto alipoondoka, malipo ya kila mwezi yalikoma. Mimi nilitaka tuendelee kumtumia, mume wangu akasita, na sababu yake haikuwa uchoyo. Alisema fedha ikimfikia mtu kwa sababu ya mtoto aliyekwisha kuondoka, kesho ataulizwa alimuuza kwa kiasi gani, na kesho kutwa mwanetu mwenyewe atatuuliza swali hilo. Tulibishana kwa muda mrefu. Tumefikia mahali pa kumsaidia ada za shule za wajukuu zake, kwa kuwa amekuwa ndugu, na ndugu husaidiana. Ninapoyaandika haya naona jinsi maelezo yanavyotunufaisha sisi. Lakini watoto wale wamesoma, na yeye hajawahi kuona haya kuomba wala kushukuru, kwa hiyo nayaacha hivyo, nikijua hayajakaa sawa.

Baba yangu alipompokea mjukuu wake kwa simu kwa mara ya kwanza, alitaka kujua jina. Nikamtajia. Jina la kwanza tuliliacha lile alilopewa Lubumbashi, la mwisho ni la mume wangu. Baba ni mtu wa msikitini, mzee wa Ujiji, hapendi kumkatisha mtu furaha. Akanyamaza, kisha akanisimulia habari za Zaid bin Haritha, aliyelelewa na Mtume hata watu wakamwita Zaid bin Muhammad, mpaka mafundisho yaliyomo katika Suratul-Ahzab yakamrudishia jina la baba yake. "Kulea ni thawabu kubwa," akasema, "lakini nasaba ya mtu haifutwi." Nilikasirika. Nilimwambia baba, huyu wake haijulikani, karatasi zinasema hivyo. Naye akasema, "Basi andikeni kwamba haijulikani. Msiandike kwamba haipo."

Nilifikiri ni ukaidi wa wazee. Lakini baba alikuwa na jambo lake, ambalo alinieleza nilipokwenda kumtembelea. Mama wa babu yake, bibi ambaye katika ukoo wetu tunamtaja kwa heshima kila tunaposoma dua, alivushwa Ziwa Tanganyika akiwa mtoto mdogo. Alitoka ng'ambo, upande wa Manyema, zama za misafara, wakati akina Tippu Tip walipokuwa na makao yao Kasongo. Nilikuwa najua kwamba sisi ni Wamanyema. Nani Ujiji hajui hilo? Nusu ya mtaa ni Wamanyema. Nilichokuwa sijakifikiria ni kwamba jina hilo ni la nchi pana yenye makabila mengi, Wakusu, Wabangubangu, Wazimba na wengine, na kwamba tunalitumia kwa kuwa hatuna jingine. Hakuna aliyemuuliza bibi yule kijiji chake kinaitwaje wakati bado anakumbuka. Alipewa jina la Kiislamu, akalelewa katika nyumba ya watu, akaozwa vizuri, akazaa, na sisi ndio hao. Waliomlea hawakuwa watu wabaya kwa masimulizi tuliyonayo. Walimpenda, na hawakuona sababu ya kuuliza.

Sitaki kulinganisha. Mwanetu alitoka Kongo kwa hukumu ya mahakama na tiketi ya ndege, bibi alitoka kwa nguvu ya bunduki, na mtu akiyaweka mambo hayo sahani moja anawadhulumu waliopita katika njia ile. Hata hivyo sikuweza kulala vizuri usiku ule Ujiji. Ng'ambo ya ziwa, anga likiwa safi, milima ya Kongo inaonekana. Mimi natokana na mtoto aliyetolewa huko, na nimekwenda huko huko kutoa mtoto. Kama kuna mtu angepaswa kujua maswali ya kuuliza, ni mimi.

Mwaka 2017 zikaja habari kutoka Ubelgiji. Waendesha mashtaka walisema baadhi ya watoto waliopelekwa kule kutoka Kongo wakidaiwa kuwa yatima walikuwa na wazazi walio hai, waliodhani watoto wao wamekwenda mapumziko na watarudi. Nilisoma nikiwa kazini, nikakaa chini. Jioni tulitoa faili letu lote, tukalisoma upya kama vile si letu. Kuna karatasi moja ya Kifaransa, fupi, inayosema mtoto alikutwa kwenye baraza la zahanati na kwamba wazazi hawajulikani. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi, nikiona kwamba inatosha. Ubalozi wenyewe uliikubali baada ya kufanya uchunguzi wake. Usiku ule niliona tu kwamba haisemi hawajulikani na nani. Haisemi nani aliuliza, aliuliza wapi, alingoja siku ngapi. Tulimpigia mama wa Katuba. Alichojua ni kidogo: aliletewa mtoto na mfanyakazi wa ustawi wa jamii, mtoto ana homa, kitovu kimepona. Akasema alikwenda mwenyewe kwenye zahanati ile mara mbili wakati ule, kuuliza. Sisi hatukuwa tumemwambia afanye hivyo, wala wakala. "Nilitaka kujua ni wa nani," akasema, "nisije nikamzoea bure."

Tangu hapo tumeandikia watu, na wakili mmoja wa Lubumbashi anatusaidia. Majibu yanakuja polepole, na hadi sasa hayajatufikisha kwa mtu. Ninasali yaje, na kuna siku ninaogopa yasije.

Nitaje jambo moja dogo. Mwanetu alipokuwa na miaka minne, nilimpeleka kwenye duka la Wakongo. Miaka ile wakimbizi wengi wa Kongo walikuwa wanaletwa Marekani, na Kentucky ilipata sehemu yake. Maduka yakafunguka yanayouza sombe iliyogandishwa, dagaa, unga, vitenge. Mama mmoja alikuwa kwenye foleni, mtoto wake anachezea mizani. Akamwita, "Kuya hapa." Mwanetu aliachia mkono wangu. Alitembea hadi kwa mama yule, akasimama mbele yake, akainua uso. Alikuwa hajasema Kiswahili cha Lubumbashi kwa zaidi ya mwaka. "Mayi" ilishageuka "maji" midomoni mwake, na sehemu ya kazi hiyo niliifanya mimi kwa kumsahihisha. Mama yule hakushangaa. Alimshika kichwa, akamuuliza ameitwa na nani, akaendelea kungojea zamu yake huku mtoto ameegemea gauni lake. Nilisimama na unga wangu mkononi. Nilitaka kwenda kumchukua na nikajizuia, na zile dakika chache za kujizuia nazihesabu miongoni mwa mambo ya kweli niliyowahi kumfanyia.

Sasa ni kijana, sauti imeanza kuvunjika. Kitandani hashiki tena sikio la mtu, ila akiwaza sana hushika lake. Majuzi, tukiwa garini, aliniuliza bila kunitazama, "Siku tulipoondoka, alilia?" Nikamwambia nilichokiona, kwamba aliingia ndani akafunga mlango. Akauliza, "Kwa hiyo hujui." Nikasema sijui. Akafikiri, akasema atamuuliza mwenyewe.

Amekuwa anazungumza naye kwa simu siku hizi bila sisi, mlango umefungwa, na Kiswahili kile kimeanza kumrudia kwa namna ambayo mimi siwezi kumfundisha. Mara moja nilipita karibu nikasikia upande wa pili jirani akiita kutoka nje, akimwita mama yule kwa jina la mwanetu, kama zamani. Tunapanga kwenda Katuba, na baba yake anataka mwanetu apimwe vinasaba kabla ya safari, huenda akapatikana ndugu. Mwanetu mwenyewe mwanzoni alikataa, juzi akasema anafikiria, na tumekubaliana kwamba asisukumwe. Ana sharti moja tu, aliloniambia mimi na si baba yake: tukifika Katuba nisimsemee. Nisimtambulishe, nisimtafsirie, nisimjazie maneno anapokwama. Nimekubali, ingawa najijua, na nimemwomba mume wangu anisimamie. Tiketi bado hatujakata. Tunangoja shule zifungwe mwezi wa sita, ambapo kule ni kiangazi, na mama wa Katuba ameshaanza kuuliza kama siku hizi anakula sombe au ameiacha.